Kwa Nini Pangani Iliugua Kabla ya Unguja

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wauguzi na maafisa wa afya mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, wanafunzi mliokosa viti mkasimama kule nyuma: asalaam aleikum, na habari za jioni.

Mwaka 1869 mtu wa Unguja aliyetaka kujua kipindupindu kitaingilia wapi angetazama baharini, na angekuwa na sababu. Milipuko iliyotangulia, ukiwemo ule wa 1858 na 1859, ilikuja na majahazi. Kaskazi ikivuma, vyombo vinashuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na pamoja na tende, papa na nguo vinashusha maradhi. Mwaka ule kipindupindu kilipita nyuma. Kilishuka kutoka upande wa Uhabeshi, kikavuka nchi ya Wamasai, kikatokea Pangani pamoja na misafara ya pembe, kisha kikavuka mkono ule mwembamba wa bahari na kuingia mjini kwetu mwishoni mwa mwaka. Kutoka hapa kikagawanyika: kingine kilirudi bara na misafara, kingine kikaenda kusini na majahazi hadi Kilwa, Msumbiji na Komoro.

Tunayajua haya kwa sababu ya daktari mmoja Mskochi aliyekuwa akitibu watu hapa Unguja, James Christie, ambaye mwaka 1876 alichapisha huko London kitabu kizima kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Enzi hizo Robert Koch alikuwa bado hajamwonyesha mtu bakteria wa ugonjwa huo. Hilo lilikuja 1883 na 1884. Christie hakuwa na maabara wala takwimu. Alichofanya ni kuuliza. Aliwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara wametoka wapi, ugonjwa waliukuta wapi, nani aliwatangulia na nani aliwafuata. Akaziunga habari hizo, akapata njia. Mimi ni mwalimu wa hisabati, sina sifa ya kumpima Christie kama tabibu, lakini kama mtu wa hisabati ya mitandao, yaani ya vituo na njia zinazoviunga, namvulia kofia. Aliitazama Pangani kama mwisho wa njia ndefu inayoanzia mbali bara. Kwamba ni mji mdogo wa pwani halikumshughulisha.

Sasa tuiweke ramani ya kawaida mezani. Kipindupindu cha mwaka ule ukikifuatilia kwa kilomita, hakieleweki. Kinaruka sehemu, kinachelewa sehemu, kinarudi nyuma. Lakini ukikifuatilia kwa misafara na majahazi, kila kituo kinafuata kingine kwa zamu. Swali nililokuja nalo leo ndilo hilo: je, kuna namna ya kuchora ramani nyingine, yenye vipimo vyake na hesabu zake, ambayo ndani yake ugonjwa unatembea kwa utaratibu?

Zamani utaratibu huo ulionekana kwa macho. Tauni iliyoingia Messina, kisiwani Sicily, Oktoba 1347, ilipanda Ulaya kwa miaka michache kutoka kusini kwenda kaskazini, na wanaofanya hesabu wanakadiria ilisogea kilomita nne au tano kwa siku. Kwa mbali ilikuwa kama jiwe lililotupwa majini: duara linatanuka, na aliye karibu na jiwe analoweshwa kwanza. Watu walitembea kwa miguu, kwa farasi na kwa mashua za pwani, kwa hiyo kilomita ilikuwa na maana. Umbali wa ardhini na umbali wa watu ulikuwa karibu kitu kimoja.

Halafu njoo 2003. Tarehe 21 Februari daktari mmoja kutoka Guangdong, tayari akiwa mgonjwa, alilala hotelini Hong Kong. Waliokuwa pale walipanda ndege zao, na SARS, homa kali ya mapafu aliyokuwa nayo, ikatokea Hanoi, Singapore na Toronto. Toronto! Miji mingapi ya China iko karibu zaidi na Hong Kong kuliko Toronto? Ukizitia nukta nyekundu kwenye ramani ya dunia, kama televisheni zinavyopenda kufanya, unapata upele usio na mpangilio. Wengi waliitazama ramani ya namna hiyo wakahitimisha kwamba dunia imekuwa kijiji na kila mahali sasa ni jirani. Hitimisho hilo silikubali, na nitawaonyesha kwa nini.

Mwaka 2013 wanasayansi wawili, Dirk Brockmann akiwa Berlin na Dirk Helbing akiwa Zurich, walichapisha makala katika jarida la Science. Walichukua mtandao wa safari za ndege wa dunia nzima, viwanja zaidi ya 4,000 na njia zaidi ya 25,000, wakauliza jambo la kitoto kabisa: tukiacha kilomita, tukapima umbali kwa watu wanaosafiri, ramani itakuwaje?

Kanuni yao ni fupi, na naomba tuipitie taratibu kwa sababu utamu wote umo humo. Simama kwenye kiwanja kimoja. Tazama abiria wote wanaoondoka. Katika hao, sehemu gani inaelekea mahali fulani? Nusu? Mmoja kati ya kumi? Mmoja kati ya elfu? Chukua sehemu hiyo, itafutie logi ya asili (kile kitufe cha ln kwenye kikokotoo), kisha toa jibu hilo kwenye moja. Unachopata ndicho nitakachokiita umbali wa mtiririko. Abiria wote wakienda mahali pamoja, umbali ni 1. Nusu wakienda, ni takriban 1.7. Mmoja kati ya kumi, 3.3. Mmoja kati ya mia, 5.6. Mmoja kati ya elfu, 7.9. Kadiri wasafiri wanavyopungua, ndivyo mahali panavyokuwa mbali.

Kwa nini logi? Wanafunzi wa sekondari huniuliza logi ina kazi gani maishani, na hapa nina jibu. Tuseme mtu mmoja kati ya kumi anaondoka A kwenda B, na mmoja kati ya kumi wa wanaoondoka B anakwenda C. Uwezekano wa kupita njia yote ni kumi mara kumi, yaani mmoja kati ya mia. Uwezekano huzidishwa. Lakini umbali, kwa akili ya kila msafiri, hujumlishwa: Dar hadi Morogoro, ongeza Morogoro hadi Dodoma. Logi ndiyo inayogeuza kuzidisha kuwe kujumlisha. Kwa hiyo A hadi C kupitia B ni 3.3 na 3.3, jumla 6.6. Ile moja iliyoongezwa kwenye kila hatua ni gharama ya kubadilisha chombo: kila kituo unachopita kina bei yake.

Sasa linganisha. Tuseme iko pia ndege ya moja kwa moja kutoka A kwenda C, lakini anayeipanda ni mtu mmoja kati ya elfu. Umbali wake ni 7.9. Njia ya kuzunguka, ya 6.6, ni fupi kuliko njia iliyonyooka! Ugonjwa utazunguka. Mtu aliyeilinda ndege ya moja kwa moja akaacha kituo cha katikati amelinda mlango usiopitwa.

Kuna jambo la pili linalotoka kwenye kanuni hiyo, nalo huwasumbua waliofundishwa jiometri kwa rula. Umbali huu hauko sawa pande mbili. Chukua kisiwa cha Mafia. Tuseme, kwa mfano tu, abiria tisa kati ya kumi wanaoruka kutoka Mafia wanakwenda Dar es Salaam. Umbali wa Mafia hadi Dar ni 1.1. Lakini katika wote wanaoruka kutoka Dar, tuseme mmoja tu kati ya mia anakwenda Mafia. Basi umbali wa Dar hadi Mafia ni 5.6. Ugonjwa ukianzia Mafia uko mlangoni mwa Dar. Ukianzia Dar, Mafia itakaa muda ikisikia habari redioni. Bahari ni ile ile, ndege ni ile ile. Na ndiyo maana ile kauli ya dunia kuwa kijiji siikubali: dunia haikusogeana kwa usawa. Kwa kipimo hiki sitashangaa Dar ikawa karibu zaidi na Dubai kuliko na Mafia.

Walipomaliza kuhesabu, Brockmann na Helbing waliweka chanzo cha mlipuko katikati ya karatasi na kila kiwanja kingine wakakiweka mbali na katikati kwa umbali wake wa mtiririko. Kisha wakaufuatilia ugonjwa kwenye karatasi hiyo mpya. Ule upele wa televisheni ulitoweka. Wakaona duara linalotanuka, kama lile la tauni ya zamani. Kwa SARS ya 2003, ukiiweka Hong Kong katikati, na kwa mafua ya H1N1 ya 2009, ukiiweka Mexico, siku ambayo kila nchi iliripoti mgonjwa wake wa kwanza ilifuata umbali huo karibu kwa mstari ulionyooka. Mpangilio ulikuwepo muda wote, ila ulikuwa kwenye karatasi ambayo hakuna aliyekuwa ameichora.

Maafisa wa afya naomba mlishike hili linalofuata, maana ndilo lenye faida kwenu. Muda wa ugonjwa kufika ni umbali ukigawanywa kwa kasi. Hilo mtoto wa shule ya msingi analijua. Lakini tazama kila kimoja kinatoka wapi. Kasi inatokana na ugonjwa: unaambukiza kiasi gani, mtu anakaa nao siku ngapi. Umbali unatokana na safari za watu peke yake, wala hauujui ugonjwa. Maana yake, siku ya kwanza ya mlipuko wa kitu ambacho hakijapewa hata jina, wakati wataalamu wa maabara bado wanakitafuta, wewe unaweza kuandika orodha ya miji itakayofikiwa, kwa mpangilio. Hujui lini, lakini unajua nani atamtangulia nani. Miji miwili mitatu ikishafikiwa, unaipata kasi, na tarehe zinaanza kukaa mahali pake.

Hesabu hiyo inaweza kurudishwa kinyumenyume pia. Huna chanzo, una nukta tu za wagonjwa? Jaribu kukiweka kila kituo katikati, kimoja baada ya kingine, uone ni kipi kinacholifanya duara lionekane. Mei 2011 Ujerumani ilikumbwa na bakteria wa chakula, aina ya E. koli, waliougua wakapita 3,800 na waliofariki wakapita 50. Kwanza wakalaumiwa matango ya Hispania, na wakulima wa kule wakapata hasara kubwa kwa kosa ambalo halikuwa lao. Baadaye chanzo kikapatikana kwenye shamba la mbegu zilizochipuzwa, wilaya ya Uelzen, kaskazini mwa Ujerumani. Brockmann na Helbing waliujaribu mlipuko huo kwa mtandao wa usafirishaji wa vyakula, na karatasi yao ikaelekeza Uelzen. Walifanya hivyo baada ya tukio, na ni rahisi kumpata mwizi baada ya kesi kwisha. Lakini njia yenyewe haikuhitaji kujua ni mboga gani.

Niseme kwa ufupi kwamba wazo la jiometri iliyojificha ndani ya mtandao lina matawi mengine. Marián Boguñá wa Barcelona, Dmitri Krioukov wa Marekani na wenzao walionyesha mwaka 2010 kwamba intaneti yenyewe inaweza kuchorwa kwenye uso uliopinda, ambao nafasi yake hutanuka haraka mno ukielekea pembeni, na kwamba ujumbe unaofuata tu jirani aliye karibu zaidi na mwisho wa safari kwenye uso huo hufika mara nyingi sana bila kuwa na ramani nzima. Ni hisabati nzuri ajabu. Siku nyingine.

Turudi kwetu, maana kuna mfano unaoniuma. Mwaka 2014 kundi la watafiti, wakiwemo Nuno Faria na Oliver Pybus wa Oxford, walichunguza vinasaba vya virusi vya UKIMWI na kurudi nyuma hadi kilipoanzia chipukizi cha janga lote: Kinshasa, karibu na mwaka 1920. Wakauliza virusi vilitoka Kinshasa kwenda wapi kwanza. Mbuji-Mayi na Lubumbashi, miji ya kusini kabisa, ilifikiwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Kisangani, upande wa kaskazini mashariki, ilisubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwenye ramani Lubumbashi iko mbali zaidi na Kinshasa kuliko Kisangani. Lakini Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Élisabethville, ilikuwa mji wa shaba. Tangu 1928 reli iliufunga mji huo na bandari ya mto Kasai, na meli za mto zikamalizia safari hadi Kinshasa. Migodi ilivuta vibarua. Kumbukumbu za wakoloni zinaonyesha kwamba mwishoni mwa miaka ya 1940 zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka walipita Kinshasa kwa reli. Waliochora reli ile walifikiria shaba. Pamoja nayo walichora, bila kukusudia, ramani ya janga ambalo dunia ingelitambua zaidi ya miaka thelathini baada ya hapo.

Na mfano wa karibu zaidi: Desemba 2015 homa ya manjano ililipuka Luanda, Angola. Kongo, jirani wa mpakani, ilipata wagonjwa wengi, hilo halishangazi. Lakini Machi 2016 Kenya ilithibitisha wagonjwa wawili waliotoka Angola, na China, kwa jumla ya mlipuko ule, ikathibitisha 11. Wafanyakazi wa China walikuwa Luanda kwa wingi. Kwenye karatasi ya mtiririko, Beijing ilikuwa mtaa wa Luanda.

Hapa lazima niseme udhaifu wa kazi hii, na udhaifu wenyewe unatuhusu sisi kuliko Wazungu. Karatasi ya Brockmann na Helbing ilijengwa kwa tiketi za ndege. Kwetu wangapi wanapanda ndege? Watu wanakwenda kwa mabasi ya mikoani, kwa daladala na matatu, kwa bodaboda kwenye njia za panya, kwa boti za Azam, na kwa vyombo vya mbao vinavyotoka Mkokotoni kwenda Tanga na Pangani na shehena yake pamoja na abiria ambao hakuna aliyewaandika. Ukihesabu ndege peke yake, utaambiwa Kigoma iko mbali na Bujumbura. Nenda Kigoma uwaulize wanawake wanaouza mawese!

Kenya ilituonyesha njia ya kupita. Mwaka 2012 kundi la Amy Wesolowski na Caroline Buckee, likishirikiana na watafiti wa malaria walioko Kenya, lilichukua kumbukumbu za laini za simu karibu milioni 15, za kati ya Juni 2008 na Juni 2009, bila majina ya watu. Simu ikipigwa leo kupitia mnara wa Kisumu na kesho kupitia mnara wa Nairobi, mtu amesafiri, awe alipanda ndege au lori la miwa. Waliunganisha safari hizo na ramani ya malaria, wakaona kwamba eneo la Ziwa Victoria ndilo linalosafirisha vimelea kwa wingi, na Nairobi, ambako mbu wa malaria ni wachache, ni mahali vinapopokelewa. Mwenye shida ya malaria Nairobi, basi, dawa yake nyingine iko kando ya ziwa. Mwenzangu mmoja wa takwimu hupinga, husema simu humilikiwa zaidi na wanaume na wenye uwezo, kwa hiyo safari za akina mama na watoto zimepunjwa. Ana haki. Lakini mnara wa simu unamwona abiria wa matatu, na orodha ya shirika la ndege haimwoni kabisa.

Jambo la mwisho ni lile la 2020, la UVIKO-19. Januari na Februari mwaka ule viwanja vyetu vilikuwa vikiwapima joto abiria waliotoka China. Hesabu ya mtiririko ingetuambia kitu kingine: kwamba kutoka Wuhan, mji wa China ulikoanza mlipuko huo, nchi nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa karibu zaidi kupitia Ulaya na Ghuba. Na ndivyo ilivyokuwa. Kongo, tarehe 10 Machi, mgonjwa wa kwanza alitokea Ufaransa. Kenya, tarehe 13 Machi, alitokea Marekani kupitia London. Tanzania, tarehe 16 Machi, alitokea Ubelgiji. Uganda, tarehe 21 Machi, alitokea Dubai. Mlango ulifunguliwa kule ambako hatukuwa tukitazama, na mara hii hapakuwa na udhuru wa kukosa takwimu, kwa sababu tiketi za ndege zilikuwepo.

Kisha ndege zikasimama, na karatasi yote ikageuka. Viwanja vilivyokuwa katikati vikasukumwa pembeni kabisa. Kilichobaki kikitembea ni chakula, mafuta na dawa, yaani malori. Aprili na Mei foleni za Malaba na Busia zikawa ndefu, na Uganda ikawa inaokota wagonjwa wake wengi miongoni mwa madereva wa masafa marefu. Watu wakawageukia madereva kwa chuki, jambo la aibu. Wao ndio waliokuwa wakiendesha chakula chetu. Kihesabu kilichotokea ni kwamba njia moja ilibeba karibu watu wote waliobaki wakisafiri, na sehemu ikikaribia moja, umbali nao unakaribia moja. Kwa hiyo mtu akiniuliza umbali wa mtiririko kati ya Mombasa na Kampala ni upi, nami humuuliza kwanza: wa Februari 2020, au wa Mei?